Klorofomu ya Muyeye

Kavumbi alikuja kutangaza msiba wake akiwa amejifunga leso ya mkewe, kwa sababu wezi walikuwa wameondoka na suruali zake zote mbili. Alisimama mbele ya mashine ya kusaga unga, mahali ambapo Muyeye nzima hukutana asubuhi ya Jumamosi. Leso ile nyekundu ilimfika magotini na maneno yake yalisomeka vizuri sana kwa nyuma: NIMETULIA KWANGU, MWANITAKIA NINI.

"Jamani, tumepuliziwa dawa," akasema. "Mimi, mke wangu, watoto, sote tulilala kama magogo. Redio imekwenda. Viatu vyangu vya kazi vimekwenda. Sikusikia hata bawaba ya mlango."

"Dawa gani?" akauliza mtu, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Dawa gani tena? Klorofomu."

Watu walifanya kama wafanyavyo waumini jina la Ibilisi likitajwa: waligeuka huku na huku kumtafuta. Wakampata karibu kabisa, kwenye foleni, kikapu cha mahindi mkononi. Huyo alikuwa Gerishom.

Ifahamike kwamba nyumba ya Kavumbi ilikuwa ya saba kuvunjwa tangu masika ya mwaka huo wa 1986. Nyumba saba zilikuwa na wanaume saba, na wote saba walikuwa wamepuliziwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelewa. Hakuna aliyesikia mlango ukivunjwa akajivutia shuka hadi juu ya masikio. Muyeye ulikuwa mtaa wa majasiri waliokosa tu bahati ya kuwa macho.

Na aliyewapa neno la kusema ni Gerishom mwenyewe. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya mji. Shuleni kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kulisha panya, na kuwaua panya hao kwa klorofomu kabla ya somo la upasuaji. Lakini jioni, mangweni kwa Kahonzi muuza mnazi, bilauri mkononi, kazi hiyo ilinenepa. "Tone moja, panya," alizoea kuhubiri. "Matone matano, mbwa. Kijiko, fahali, na pembe zake zote. Kikombe kimoja, ndugu zangu, nailaza Muyeye nzima, na jogoo wake." Kwa mahubiri hayo watu wakamwita Daktari. Na mtu akishaitwa Daktari, ni shida sana kurudi kuosha vyombo.

"Daktari," Kavumbi akasema sasa, akiikaza leso yake, "kile kikombe kimefika kwangu."

"Ndugu Kavumbi, yale yalikuwa mazungumzo ya mnazi tu."

"Mazungumzo gani yanayobeba redio?"

Mahindi ya Gerishom hayakusagwa siku hiyo. Zamu yake ilipofika, mwenye mashine alikumbuka ghafla kwamba mkanda umelegea.

Mzee Kombe, mzee wa mtaa, alikuwa na miaka sitini na mitano na meno thelathini na mawili, na hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyompa cheo. Siku ya kumchagua mzee wa mtaa, mpinzani wake alikuwa Mzee Gona, mtu mwenye busara nyingi na meno manne. Mzee Kombe alisimama, akakenua mbele ya umati, akauliza: "Kinywa kisicho na meno kitamng'ataje mwizi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Gona alikwenda nyumbani, na tangu siku hiyo akitaka kucheka huziba kinywa kwa kiganja.

Sasa Mzee Kombe alitangaza kwamba kila nyumba itapekuliwa, kwa haki na usawa. "Tuanzie kule chini, kwa wauza mbao," akasema.

"Tuanzie kwa Daktari," akasema Kavumbi.

"Haki haina haraka, Kavumbi."

"Redio yangu ina haraka, Mzee."

Kwa haki na usawa basi, wakaanzia kwa Gerishom, na wakaishia hapo hapo.

Jedida, mkewe Gerishom, alikuwa mlangoni akichagua maharagwe katika ungo. Waliposema hodi alijibu karibuni, maana hakujua ni neno gani jingine huambiwa wanaume kumi na wawili. Waliingia na viatu. Walikung'uta godoro, wakamwaga sanduku la nguo sakafuni. Kavumbi akainua juu gaguro la Jedida, akaligeuza huku na huku.

"Hilo si redio," Jedida akamwambia. "Liweke chini. Au unataka la kuvalia na hiyo leso?"

Mtu akacheka. Kavumbi akaliweka chini, akainama mvunguni mwa kitanda kwa hasira, na huko, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa gazeti, mkono wake ukagusa kitu baridi. Akakitoa. Ilikuwa chupa ya rangi ya kahawia, imejaa zaidi ya nusu, na juu yake karatasi yenye mwandiko safi wa Gerishom mwenyewe: KLOROFOMU. SUMU. ISIWEKWE JUANI.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Easter, binti yao wa miaka minne, alikitumia kuomba uji.

"Ya nini hii?" Kavumbi akauliza.

Gerishom alimtazama Mzee Kombe. Mzee Kombe alitazama makuti ya paa, kwa makini ya mtu anayetaka kuyanunua.

"Ya kuunganishia vitu," Gerishom akasema. "Vitu vya plastiki ngumu. Klorofomu huyeyusha plastiki ile, ukibana vipande viwili vinashikana."

"Plastiki ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

Mtu huyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, amevaa kofia ya kiua. Wiki tatu zilizopita, katikati ya jua la mchana watu wakiwa wamejilaza, Mzee Kombe alikuja nyumbani humu peke yake, leso ya mkononi imeziba mdomo. Aliifungua juu ya meza na ndani yake kulikuwa na meno ya juu, yote, pamoja na ufizi wao wa waridi, yamekatika vipande viwili kwa mfupa wa mbuzi wa harusi. Yalitoka kwa daktari wa meno wa Mombasa, na hakuna aliyejua ila Mungu na daktari huyo. Kwenda tena Mombasa kulitaka siku tatu, na mzee wa mtaa hawezi kufunga kinywa siku tatu. Gerishom, aliyewahi kujisifu mangweni kwamba klorofomu huyeyusha plastiki kama chai iyeyushavyo sukari, akaulizwa kama ni kweli. Kwa mara moja katika maisha yake, ilikuwa kweli. Aliichukua chupa shuleni, akagandisha vipande vile kwa unyoya wa kuku, na akaapa juu ya Biblia ya mkewe kwamba hatamwambia mtu yeyote, mke akiwa mmoja wao. Alipotaka kuirudisha chupa, Mzee Kombe ndiye aliyemwambia: "Ikae kwanza, mwanangu. Je, yakikatika tena?"

"Mtu gani?" Kavumbi akarudia.

"Siwezi kumtaja."

"Mwaona? Ana wenzake!"

Mkono ulimshika Gerishom ukosi. Mzee Kombe akapiga bakora yake sakafuni. "Hakuna kumgusa mtu! Kesho, watu wakitoka kanisani, kutakuwa na baraza. Mpaka hapo Gerishom asitoke nje ya nyumba hii. Chupa nitakaa nayo mimi, iwe ushahidi." Akaikumbatia kama mtoto mchanga. Wanaume wawili wakawekwa mlangoni, wakaketi juu ya kibao cha Jedida cha kufulia na kuomba maji ya kunywa.

Mchana wa siku ile mtu wa kwanza kumtembelea mfungwa alikuwa Mwalimu Thuku, wa somo la baiolojia. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha ameshikilia baiskeli, akizungumza kwa sauti ya chini.

"Gerishom, mimi nilitia sahihi kwamba chupa zote zipo."

"Najua, Mwalimu."

"Mwalimu mkuu anakagua stoo Jumatatu, saa mbili asubuhi. Chupa iwe kabatini, na dawa yake ndani. Ikiwepo, sikusikia lolote. Isipokuwepo, usije kazini. Nitasema umeiba, kwa sababu umeiba."

"Mwalimu, njoo kesho barazani uwaambie dawa hii haifanyi hayo wanayosema. Wewe watakusikiliza."

Mwalimu Thuku alipanda baiskeli yake. "Nikisema naijua, wataniuliza imefikaje mvunguni mwako," akasema, na akaenda zake.

Mgeni wa pili alikuwa Mzee Kombe. Aliingia kwa cheo, akatangaza kwa walinzi kwamba amekuja kumhoji mshukiwa, kisha akamwomba Jedida awapishe. Jedida alichukua ndoo akatoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mkasa."

"Mzee, mkasa huu dawa yake iko kinywani mwako. Kesho sema tu: chupa ile aliichukua kwa shughuli yangu. Basi. Usitaje meno."

"Shughuli gani, wataniuliza. Gona atauliza." Mzee Kombe aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Gerishom, wewe ni mtu wa bara. Ukiaibika hapa utapanda basi urudi kwenu, na huko hakuna anayejua habari za Muyeye. Mimi nikiaibika nipande basi niende wapi? Kwetu ni hapa."

"Kwetu hakuna kazi, Mzee. Ndiyo sababu nipo hapa."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Kwa Biblia."

"Kwa Biblia ya mke wangu."

"Basi." Mzee Kombe akainuka, akamshika bega kwa upole mkubwa. "Mungu atafanya njia."

Alipokwisha kutoka, Jedida aliingia. Ndoo ilikuwa kavu.

"Kwa hiyo tunafukuzwa kazi kwa ajili ya meno," akasema.

"Umesikia?"

"Ukuta huu wa udongo, Baba Easter, hata mchwa wakitafuna nasikia. Kesho nitasema mimi. Mimi sikuapa."

"Biblia iliyoapiwa ni yako."

"Biblia yangu haikuulizwa!"

Gerishom akatikisa kichwa. Hilo alikuwa ameshalipiga hesabu tangu asubuhi. "Ukisema wewe, watasema mke wa mwizi anamtukana mzee wao. Naye atafungua kinywa wamtazame, na watakuta meno mazima, yamepangana. Nilifanya kazi nzuri, Mama Easter. Ufa wenyewe huuoni."

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaionea uchungu. Nje, mmoja wa walinzi alimwomba Jedida chumvi ya kulia embe bichi.

Jumapili, kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, walikuja watu kama mia. Wengine walikuwa bado na Biblia mikononi, jambo ambalo halikumfariji Gerishom hata kidogo. Alisimamishwa katikati. Chupa iliwekwa juu ya kiti mbele ya Mzee Kombe, na mwavuli ukashikiliwa juu yake, kwa kuwa Gerishom alikuwa ameomba isipigwe na jua. Mshitakiwa mwenyewe alipigwa na jua.

"Jitetee," akasema Mzee Kombe, bila kumtazama.

Gerishom akajitetea kwa kitu ambacho hakuwahi kukitumia mbele ya watu wale, yaani ukweli. "Niliwadanganya," akasema. "Klorofomu si upepo. Mvuke wake ni mzito, unazama chini kama maji. Ukiupuliza dirishani utaanguka palepale chini ya ukuta. Kumlaza mtu kunataka kitambaa kikandamizwe puani dakika tano, pengine zaidi, mtu mwenyewe akirusha mateke. Na akilala, ukizidisha kidogo tu, moyo unasimama. Zamani madaktari walipasulia watu kwa dawa hii, wakaiacha. Wengine waliowalaza hawakuamka, na wengine waliamka, maini yakaoza baadaye. Mimi naua panya kwa dawa hii. Katika miaka minne sijapata panya mmoja aliyeamka akaniuliza suruali yake iko wapi. Ndugu zangu, wezi wangempulizia Kavumbi, leo tungekuwa matangani."

Lilikuwa somo zuri. Wanafunzi wa kidato cha nne wangelipigia makofi. Hapo uwanjani halikupata hata kikohozi, na Gerishom alipotazama nyuso akaona wanaume saba wamesimama pamoja, na wote saba wameiva kwa hasira.

"Kwa hiyo," Kavumbi akasema taratibu, "wewe wasema mimi nilikuwa macho?"

Hapo ndipo Gerishom alipofahamu alichofanya. Alikuwa amesimama kujivua kosa moja, kumbe amewashitaki wanaume saba mbele ya wake zao.

"Sikusema hivyo."

"Nilikuwa macho, mwizi akavua suruali yangu msumarini, nami natazama? Ndivyo?"

"Anusishwe!" ikapaa sauti. "Anusishwe yeye mwenyewe tuone!"

"Akilala, dawa ni ya kweli na mwizi ni yeye."

"Na asipolala?" akauliza Jedida.

"Asipolala, ana kinga yake. Mwenye dawa hakosi kinga."

Jedida akapiga hatua mbele. "Mzee Kombe, mimi nina neno."

"Mama, keti. Kina mama watapewa nafasi mwisho," akasema Mzee Kombe haraka, na kina mama wenyewe wakamvuta Jedida chini kwa aibu.

Kavumbi aliloweka kitambaa. Wawili walimshika Gerishom mikono, wa tatu kichwa. Harufu ilikuja kwanza, tamu, kama tunda lililoiva likapitiliza, harufu ya asubuhi zake zote za Jumanne maabarani. Kisha ubaridi midomoni, na baada ya ubaridi, moto. Alijizuia kupumua. Akakumbuka kwamba panya nao hujizuia, mwanzoni. Akahesabu: akilala mapema amekwisha, asipolala amekwisha, na akilala sana hataisikia hukumu. Dakika ilipita. Masikio yalianza kuvuma. Moyo ulidunda mara tatu kwa haraka, ukaruka pigo moja, na katika nafasi ile tupu Gerishom aliogopa kuliko alivyopata kuogopa. Sauti ya Jedida ilimfikia kutoka mbali, kama anayeita ng'ambo ya mto. "Mnamwua! Mnamwua baba wa mtoto!"

"Inatosha!" Mzee Kombe alikuwa ameinuka, saa yake ya mkononi mbele ya macho. "Dakika mbili na nusu, hajalala. Mwacheni."

Walimwachia, akaanguka kwa magoti, akitapika. Lakini macho yalikuwa wazi. Mzee Kombe alimtazama, akatazama umati uliokuwa ukinguruma, akatazama wale wanaume saba. Mtu hawi mzee wa mtaa kwa meno peke yake.

"Nimefahamu," akatangaza. "Klorofomu ni aina mbili. Hii ni ya watoto wa shule, hafifu, ya panya. Iliyowalaza kina Kavumbi ni ile kali, ya Mombasa. Wezi ni watu wa kutoka nje. Kavumbi, wewe ulipuliziwa kweli."

"Kweli kabisa, Mzee!" Uso wa Kavumbi ukakunjuka. Wale sita wakapumua.

"Na Gerishom hana hatia, ila ya maneno mengi. Ili jambo hili liishe, dawa hii naimwaga hapa, mbele yenu."

Gerishom alisikia kila neno. Aliona chupa ikinyanyuliwa na kizibo kikitolewa. Alitaka kusema usimwage, iache, Jumatatu saa mbili, lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani, kiungo pekee ambacho klorofomu ilifaulu kukilaza siku ile. Dawa ilimwagika mchangani, ikang'aa kidogo, ikapotea. Harufu tamu ikapita juu ya watu mia. Hawakulala. Hata kuku wa mwenye mashine, aliyekuwa akidonoa pale pale, hakusinzia. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kufikiria.

Watu wakapiga makofi. Kavumbi alimwahidi Mzee Kombe jogoo, na akampelekea jioni ile ile, ameshapikwa. Gerishom alipewa mkononi chupa tupu.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Gerishom alikuwa mtu huru asiye na kazi. Jedida alikuwa akifunga vyombo kwenye gunia. Mtu akagonga mlango kwa bakora, bila hodi wala salamu, jambo ambalo mwungwana hafanyi.

Alikuwa Mzee Kombe. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na leso ya mkononi imeziba pua na mdomo. Aliingia, akaifungua leso juu ya meza ile ile. Vipande viwili. Jogoo wa Kavumbi alikuwa mzee.

Jedida aliketi juu ya gunia akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mzee, si utumie ile kali ya Mombasa?"

 Bila meno yale, uso wa Mzee Kombe ulikuwa umeingia ndani kama kifuko kilichotolewa kitu. Gerishom alitazama vipande, kisha akatazama chupa tupu.

"Dawa iko maabarani tu," akasema. "Twende, Mzee, wewe na mimi. Utamwambia Mwalimu Thuku chupa hii ilikwenda wapi. Yeye ni mtu wa Nyeri, habari za Gona hazijui. Ukisema, pengine nitabaki na kazi. Nikibaki na kazi, nitakugandishia."

 Mzee Kombe akafunga vipande ndani ya leso, akaziba mdomo, akatikisa kichwa kukubali.

Wakatoka, Gerishom mbele na chupa yake, Mzee Kombe nyuma. Muyeye ilikuwa imekwisha kuamka. "Shikamoo, Mzee Kombe!" akasema muuza mbaazi. Mzee Kombe akapita. "Shikamoo, Mzee!" wakasema watoto wa shule, wanne kwa pamoja, na hawakupata marahaba hata moja. Salamu zilizidi kurundikana nyuma yao kama madeni. Walipofika kwa Kahonzi, yeye alikuwa nje akisugua vibuyu. Alimsalimu, akangoja, kisha akaweka kibuyu chini.

"Mzee, hata mimi?" Akamtazama vizuri: macho mekundu, hatua za kuyumba, kitambaa puani, na mbele yake Gerishom na chupa ya kahawia. Kahonzi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Uuuwi! Jamani, njooni! Amempulizia Mzee! Daktari ameondoka na mzee wetu, mwamtazama tu?"

Watu hawakutoka, walimwagika. Kavumbi alikuwa wa kwanza, na suruali ya kuazima iliyoishia katikati ya muundi, rungu mkononi.

"Kumbe ile ya Mombasa unayo wewe!" akapiga kelele.

"Hakuna ya Mombasa! Haijawahi kuwapo!"

"Mzee aliisema mwenyewe!"

Jiwe likampita Gerishom sikioni. Mikono ikamshika ukosi, ikamsukuma ukutani kwa Kahonzi. Neno moja lingemwokoa, nalo alikuwa nalo mdomoni, neno dogo, meno. Lakini aliapa. Na hata angelisema, nani angemwamini Daktari? Hakubakiwa na kitu ila kumtazama Mzee Kombe.

Mzee Kombe alikuwa amesimama kando ya njia. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini tu. Angeweza kugeuka aende akalale, na hakuna ambaye angemlaumu, maana amepuliziwa. Nyuma ya umati, Mzee Gona alikuwa ameegemea mkongojo wake, kiganja tayari karibu na kinywa. Kavumbi akainua rungu.

Mzee Kombe akashusha leso.

Waliokuwa mbele walinyamaza kwanza, na kimya kikasafiri kwenda nyuma. Midomo ilikuwa imetumbukia, mashavu yameifuata. Alifungua leso, akainua vipande vile vya waridi na vyeupe juani, ili hata wa nyuma waone.

"Mwachieni," akasema. Neno lilitoka limejaa upepo, lakini lilifahamika. "Sijapuliziwa. Chupa aliichukua kwa ajili yangu. Alikuwa akinigandishia haya. Nilimwapisha asiseme, nikamwacha mumnusishe."

Kila mtu alingoja Mzee Gona acheke. Mzee Gona aliteremsha kiganja chake polepole, akatazama ardhi, asicheke.

Rungu la Kavumbi lilikuwa bado hewani. Likashuka, kidogo kidogo, mpaka ncha ikagusa mchanga. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Mimi nilikuwa macho."

"Nini?" mkewe akauliza.

"Nilikuwa mvunguni mwa kitanda. Niliwasikia wakichagua suruali. Mmoja alisema hii imechakaa, mwenzake akasema chukua hivyo hivyo."

 Wanaume sita walikuwa wakichunguza vidole vya miguu yao. Mkono uliomshika Gerishom ukosi ukalegea, na mwenye mkono akamnyoosha shati kidogo, kama fundi cherehani, kabla ya kurudi nyuma.

"Shikamoo, Mzee," akasema Kahonzi tena, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Kombe, kwa kinywa alichokuwa nacho.

Gerishom aliokota chupa mchangani. Haikuvunjika. "Saa ngapi, Mzee?"

Mzee Kombe akatazama saa yake. "Saa mbili na robo."

Walikuwa wamechelewa. Gerishom akakikaza kizibo cha chupa ile tupu, kana kwamba bado ilikuwa na kitu cha kutoroka, na wakashika njia ya shule.